Kijana kaweka Firefox upya, bukumaki zangu za miaka yote hazionekani, naombeni msaada

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

Wakuu habari za jioni. Mi nina steshenari hapa Mtwara maeneo ya Chikongola, fotokopi, kuprinti, na hizi kazi za kuwajazia watu fomu mtandaoni, mikopo ya HESLB, ajira za serikali, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, TIN, matokeo ya NECTA, yaani kila kitu. Kazi yote inafanyika kwenye kompyuta moja ya mezani ina Windows 10 na brauza ni Firefox toka nimeanza mwaka 2019. Miaka yote hiyo nikikutana na ukurasa wa maana nabonyeza kile kinyota pale juu naweka kwenye folda lake, ndo hizo bukumaki zenyewe. Kuna folda la MIKOPO, la AJIRA, la VYETI, kuna la KOROSHO maana msimu ukifika wakulima wanakuja kuulizia bei za minada, na kuna moja nimeliita WATATA, hilo ni la wateja wenye kesi zisizoisha, wao wenyewe wanajijua 😂.

Sasa wiki nzima Firefox ilikuwa inanitolea kile kikaratasi pale kona ya juu kwamba apdeti mpya ipo, mi naahirisha tu kwa sababu bando natumia la simu, na pia naogopa kuapdeti mteja akiwa kakaa mbele yangu. Juzi nikaenda msibani Newala nikamwachia duka kijana wangu. Kijana kikaratasi kimemkera, akaona atatue, akaiondoa Firefox nzima kwenye mashine halafu akaweka nyingine kutoka kwenye flashi yake ya mafaili ya kuinstoli. Leo asubuhi narudi nafungua brauza nyeupe kabisa kama ya dukani, hamna bukumaki, hamna paswedi, hamna historia, hata zile taabu (tab) za kurasa nilizoacha wazi hamna.

Mbaya zaidi kaja mama wa Nanyamba na cheti cha mtoto, nikasema ngoja nitafute ukurasa kwa kuandika mwenyewe, nikaangukia kwenye ukurasa unafanana na wa serikali kabisa halafu unataka elfu kumi kwa namba ya simu. Bahati nzuri nilishtuka.

Kijana anasema "bosi nilikuwa nasaidia". Sijamjibu kitu mpaka muda huu. Je zinarudi hizi au ndo nimeanza upya? Kuna sehemu nimesoma nibonyeze Refresh Firefox, sijabonyeza, naogopa.

mng'oko_mbichi

Pole sana mkuu. Ndo maana mimi apdeti zote nimezima toka nimenunua hii mashine, Windows nimezima, brauza nimezima, na inadunda vizuri tu. Kitu kinafanya kazi unakigusa cha nini. Hizo apdeti zinakula bando na zinahamisha hamisha vitufe, unazoea kitu kiko kulia kesho kiko kushoto.

fundi_Mitwero (Lindi)

Mkuu Kuchele usibonyeze chochote kwanza, na usiondoe Firefox tena, na kama una ile programu ya kusafisha kompyuta usiiguse leo. Asilimia kubwa mzigo wako upo.

Swali moja kabla sijaendelea, muulize kijana vizuri bila kumfokea ili asikufiche. Alivyofungua hiyo Firefox mpya mara ya kwanza kuna ujumbe wowote ulitokea kabla brauza haijafunguka?

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

Nimemuuliza. Anasema kilitokea kiboksi kina maneno mengi ya kizungu na vitufe viwili, kimoja cha kuacha kingine kina rangi ya bluu, akabonyeza cha bluu. Maneno hayakumbuki ila anakumbuka neno "profile".

fundi_Mitwero (Lindi)

Basi ndo hapo hapo. Ngoja nikueleze usije ukahisi ni uchawi.

Firefox ni vitu viwili tofauti. Kuna programu yenyewe, na kuna profaili, ambayo ni folda lenye vitu vyako wewe, bukumaki, historia, paswedi, mipangilio. Ichukulie kama korosho za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Programu ni ile ofisi yenye mzani na karani, profaili ni mzigo uliolala ghalani. Kijana kabomoa ofisi kajenga nyingine lakini ghalani hajaingia. Ukiiondoa Firefox kwa njia ya kawaida ya Windows folda la profaili linabaki palepale.

Sasa kwanini huoni kitu? Flashi ya kijana ina Firefox ya zamani kuliko ile uliyokuwa nayo. Kuanzia toleo la 67 la mwaka 2019, Firefox ya zamani ikikuta profaili iliyoshaguswa na Firefox mpya zaidi inakataa kuifungua, kwa sababu inaweza ikaiharibu. Kwahiyo inakupa njia mbili, utoke, au utengeneze profaili mpya. Kijana kabonyeza "Create New Profile". Kapewa ufunguo wa ghala jipya tupu, la zamani limefungwa tu, mzigo uko ndani.

Kwahiyo fanya hivi, na usiruke hatua. Funga Firefox kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kitatokea kiboksi kidogo, andika hivi hivi %APPDATA%\Mozilla\Firefox\Profiles halafu enter. Utaona mafolda mawili au zaidi yana majina ya ajabu, herufi na namba zimechanganyika halafu nukta halafu neno kama default-release. Angalia tarehe na ukubwa, moja litakuwa la jana tu na jepesi, jingine zito. Kabla ya kufanya kitu kingine chochote kopi lote folda hilo la Profiles weka kwenye flashi. Lote. Hiyo ndo bima yako, hata tukiharibu tunarudi hapo.

Halafu ingia ndani ya lile zito tafuta folda linaitwa bookmarkbackups. Niambie umeona nini humo.

BintiMikindani

Naunga mkono fundi, ila nataka nimjibu mng'oko kwanza kwa sababu huu ushauri wa kuzima apdeti ndo unatuponza. Kaka, apdeti nyingi za brauza sio urembo, zinaziba matundu ambayo wezi wanapitia. Na mtu wa steshenari sio sawa na wewe unaeangalia mpira nyumbani, kwenye ile mashine zinapita namba za NIDA za mtaa mzima, vyeti vya watoto wa watu, mpaka paswedi za akaunti za mikopo. Brauza ya miaka mitatu nyuma kwenye mashine kama ile ni sawa na kuacha kaunta wazi ukaenda kula.

Shida ya Kuchele haikuwa apdeti. Shida ni kwamba hakuapdeti, na mtu mwingine akaapdeti kwa kurudi nyuma.

mng'oko_mbichi

Sawa dada nimekusikia 😅 ila vitufe vinahamishwa kweli, hilo usinikatalie.

BintiMikindani

Hilo sikukatalii, na mimi linanikera.

Nieleze na yangu maana ya Chrome ni tofauti kidogo. Mimi nafundisha, nilikuwa na bukumaki za masomo karibu mia mbili kwenye laptopu, na akaunti ileile ipo kwenye simu. Nilikuwa najidai sina haja ya kutunza popote kwa sababu nimewasha sinki, ile ya kuoanisha vitu vya akaunti kwenye vifaa vyote. Mdogo wangu akaazima simu, akaona mabukumaki mengi yanamchanganya, akafuta. Alifuta kwenye simu. Nikafungua laptopu jioni nikaona mafolda yanaondoka mbele ya macho yangu moja baada ya jingine. Sinki inabeba kila kitu, hata ujinga.

Kwahiyo wenye Chrome, kuwasha sinki ni vizuri mashine ikiibiwa au ikiungua, lakini isiwe ndo kopi yako pekee.

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

Fundi nimefika. Mafolda yapo mawili kweli, moja la juzi lina mega chache, jingine lina zaidi ya mega mia tatu. Nimekopi yote kwenye flashi, imechukua muda na umeme ukayumba katikati nikahisi moyo unatoka, lakini imemaliza.

Ndani ya bookmarkbackups kuna mafaili mengi, majina marefu. La mwisho limeandikwa bookmarks halafu tarehe ya siku niliyoondoka, halafu kistari cha chini, halafu 412, halafu tena herufi za ovyo ovyo, linaishia na jsonlz4. Nikilibonyeza halifunguki.

fundi_Mitwero (Lindi)

Safi kabisa. Usihangaike kulifungua, limebanwa, linasomwa na Firefox mwenyewe tu. Na hiyo 412 ndo idadi ya bukumaki zilizomo, na mafolda yakihesabiwa. Firefox inajitengenezea haka kakopi yenyewe bila kukuambia, inaweka 15 za mwisho. Watu wengi wanakaa na Firefox miaka kumi hawajui kama hilo folda lipo. Kwahiyo hata faili kubwa lingeharibika, lile la places.sqlite ambalo ndo linabeba bukumaki na historia, bado hizi 412 zingerudi.

Sasa tumalizie. Fungua hiyo Firefox tupu uliyonayo, nenda kwenye ile mistari mitatu kulia juu, Help, halafu About Firefox, iache ijiapdeti mpaka mwisho. Nakuomba ununue bando la kutosha kabisa usije ukaishiwa katikati. Ikishamaliza ianzishe upya. Halafu pale juu unapoandikaga anwani andika about:profiles. Utaona orodha ya profaili zote na kila moja imeandikwa folda lake lilipo. Tafuta ile yenye jina la folda zito. Usikimbilie kuifanya ya kudumu, bonyeza kwanza "Launch profile in new browser", itafungua dirisha la pembeni. Ukiona mafolda yako yamo ndo unarudi unabonyeza "Set as default profile".

Ikikataa kabisa ndo tutatumia lile faili la 412. Hapo unabonyeza Ctrl na Shift na O, linafunguka dirisha la bukumaki, juu kuna Import and Backup, halafu Restore, halafu unachagua faili. Ila sikiliza vizuri, Restore inafuta bukumaki zilizopo hapo inaweka za kwenye faili. Haiongezi, inabadilisha. Kama ushaanza kuweka mpya leo zitaondoka.

Na ile Refresh Firefox uliyosoma, umefanya vizuri kutoibonyeza. Yenyewe haifuti bukumaki, ila ingetengenezea upya ile profaili tupu na ingekuongezea folda la data za zamani pale deskitopu, ungezidi kuchanganyikiwa lipi ni lipi.

zumari_la_Nachingwea

Samahani kudandia. Mimi nina laptopu ya zamani Windows 7, Chrome imeniandikia haitapata apdeti tena. Nikiondoa nikaweka nyingine itakubali? Na bukumaki zangu je?

fundi_Mitwero (Lindi)

Haitakubali. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 na 8 ni 109, ya mwanzoni mwa 2023. Firefox ya mwisho kwa hizo Windows ni 115. Ukiondoa ukaweka tena utaishia hapo hapo. Kuangalia habari sawa, lakini usiingizie mambo ya benki humo wala namba ya NIDA ya mtu.

Bukumaki zitoe mapema kabla hujauza au mashine haijafa. Kwenye Chrome nako ni Ctrl Shift O, halafu vile vinukta vitatu vya juu kulia ndani ya huo ukurasa, sio vya brauza, halafu Export bookmarks. Inatoka faili moja la HTML dogo tu. Hilo linaingia kwenye brauza yoyote, na hata bila kuliingiza unaweza kulifungua kama ukurasa ukabonyeza viungo vyako.

Na dada Binti, siku ile ungekuwa mwepesi, ukifuta kwa bahati mbaya kwenye huo ukurasa wa bukumaki wa Chrome unabonyeza Ctrl Z hapo hapo inarudi. Tena Chrome inaweka mafaili mawili kwenye profaili yake, moja linaitwa Bookmarks na jingine Bookmarks.bak. Lile la bak ni hali ya nyuma kidogo. Mtu akistukia mapema anafunga Chrome, anakopi hayo mafaili yote mawili pembeni, halafu anabadilisha jina la bak kuwa Bookmarks tupu. Sema ukiifungua fungua mara mbili tatu bak nayo inaandikwa juu, na kama sinki iko wazi inafutwa tena, kwahiyo intaneti inakatwa kwanza. Folda lenyewe lilipo unaliona ukiandika chrome://version, mstari wa Profile Path.

BintiMikindani

Sasa unaniambia leo 😩 mwaka mzima ushapita. Mimi nilifungua na kufunga kama mara ishirini nikidhani zitarudi zenyewe.

Kuchele swali la uchokozi. Umesema paswedi zimepotea pia. Za nani?

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

Zangu. Na za wateja baadhi. Wanasahau dada, mtu anakuja mwezi wa saba anafungua akaunti, mwezi wa tisa anarudi hajui hata baruapepe aliyotumia. Nikaona bora Firefox inikumbushie.

BintiMikindani

Nilijua. Kaka yangu hapo unajitafutia kesi. Siku hiyo mashine ikiibiwa una akaunti za watoto wa shule wangapi mle? Waandikie kwenye karatasi waondoke nayo, au wakae na simu zao wabadilishe paswedi mbele yako. Zifute hizo za wateja ukishazipata.

fundi_Mitwero (Lindi)

Hapo namuunga mkono. Ila kwa zile zako mwenyewe, ujue faili la HTML la bukumaki halibebi paswedi hata moja. Paswedi zipo kwenye profaili, mafaili mawili, logins.json na key4.db, yanatembea pamoja, moja bila jingine halina kazi. Ndo maana nikasema kopi folda zima.

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

WAKUU ZIMERUDI.

Niliisubiri usiku baada ya kufunga duka, bando la giga nne, nikaapdeti, nikaandika about:profiles, nikafungua dirisha la pembeni kama fundi alivyosema, na la kwanza kuona ni folda la WATATA lipo juu kabisa linaniangalia. Nimezihesabu mpaka mwisho, MIKOPO yote, AJIRA yote, KOROSHO yote. Zile taabu nilizoacha wazi siku naenda Newala nazo zimefunguka, moja ilikuwa fomu ya mteja imejazwa nusu, bila shaka haina uhai lakini nimefurahi kuiona.

Nimeitoa HTML nikaiweka kwenye flashi na nyingine nimejitumia kwenye baruapepe. Paswedi za wateja nimeanza kufuta, dada usinigombeze, zimebaki kama thelathini.

Kijana nimemsamehe, nimemwambia ile flashi yake ya kuinstolia aifute yote. Kumbe Firefox iliyokuwemo ni ya 2021.

Sasa nawekaje isije ikatokea tena? Maana kile kikaratasi cha apdeti kitarudi tu.

fundi_Mitwero (Lindi)

Hongera mkuu.

Kitarudi ndio, Firefox inatoa toleo kubwa karibu kila wiki nne, na Chrome nao toka 2021 walishuka kutoka wiki sita mpaka nne. Ingia Settings, General, shuka mpaka Firefox Updates, kwanza pale panaposema When Firefox is not running toa tiki, isije ikakulia bando ukiwa umelala, halafu weka ile ya kuangalia apdeti lakini ikuachie wewe uchague muda wa kuinstoli. Halafu wewe jiwekee siku, mimi huwa Jumapili asubuhi kabla sijafungua, natoa HTML mpya kwanza ndo naapdeti. Dakika tano. Ila ukishaweka hivyo usianze tena tabia ya kuahirisha, maana sasa ni juu yako.

Kijana mfungulie akaunti yake ya Windows isiyo na ruhusa ya kuinstoli. Akitaka kusaidia atakuomba paswedi kwanza.

Na bukumaki nazo ziangalie, hizi za serikali wanahamisha kurasa. Ukiona kiungo hakifunguki usitafute ovyo kama juzi, hakikisha anwani inaishia na .go.tz, kabla ya ule mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, sio katikati ya jina. Wale wa elfu kumi wanaiweka katikati makusudi.

mng'oko_mbichi

Nimeangalia Firefox yangu hapa imeandikwa 88. Ni mbaya?

fundi_Mitwero (Lindi)

Hiyo ya 2021 mkuu. Wewe na flashi ya yule kijana ni ndugu. Toa HTML kwanza halafu apdeti leo hii.

Kuchele, ile flashi yenye kopi ya profaili umeiweka wapi?

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

Ipo salama, nimeiacha pale pale nyuma ya mashine isipotee.

fundi_Mitwero (Lindi)

Imechomekwa?

KuchelePrinti (Mtwara mjini)

😂😂 Nimeichomoa. Ipo mfukoni.